Ndugu wa Mume Hajapatikana

Nchi ninayoishi sitaitaja jina, kwa sababu bado naishi humo na nina watoto katika shule za serikali. Itoshe kusema ni nchi yenye amani sana. Tuna amani kiasi kwamba mtu akipiga mayowe, majirani hufunga madirisha ili amani isitoroke. Na tuna sheria nzuri. Wageni wanaotusaidia kuzitunga hutuambia kwamba sheria zetu ni bora kuliko zao, nasi tunafurahi, tunapiga makofi, tunazifungia kabatini zisichafuke.

Mojawapo ni Sheria ya Kuzuia Manyanyaso ya Mahari. Ni fupi, mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama. Inasema kwamba mume, au ndugu wa mume, atakayemtesa mke kwa sababu ya mahari, atakwenda jela. Basi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimeielewa. Leo najua huo ulikuwa utovu wa adabu.

Ilizinduliwa katika uwanja wa mpira wa mji wetu wa Tulizana, na aliyeizindua ni Waziri wa Ndoa na Mifugo mwenyewe. Kwetu wizara hizo mbili ziliunganishwa ili kubana matumizi, maana zilikuwa zikishughulika na ng'ombe walewale. Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani, akafuta jasho, akasema:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo, mwanamke wa nchi hii hatateswa tena! Na ikitokea ameteswa, nawahakikishia, atateswa kwa kufuata utaratibu!"

Tulishangilia hadi sauti zikatukauka. Kisha vikagawiwa vitenge vilivyochapwa ile sheria nzima kwa herufi nyekundu, kuzunguka picha ya Mheshimiwa Waziri akimkumbatia ndama. Kina mama wa safu ya mbele walipata kimoja kimoja. Bi Holo, mjane mnene wa mtaa wetu mwenye viwiko vya kazi, alipata viwili.

Huyu Bi Holo ndiye mama mkwe wa Kabula. Na habari zenyewe ni za Kabula.

*

Kabula alikuwa mwoka mikate. Kabla ya kuolewa alifanya kazi katika hoteli moja ya mjini, akajinyima nguo, akajinyima hata sabuni ya kunukia, hadi akanunua tanuri lake mwenyewe, la chuma, lenye milango miwili na tumbo la kumeza mikate ya mtaa mzima. Alipoolewa alilipeleka kwa mumewe juu ya lori, yeye amekaa pembeni yake amelishika kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Asubuhi mtaa mzima ulinukia mkate. Hata sisi tusiokuwa na kitu tulikuwa tukipita pale taratibu ili tupumue.

Aliyemwoa ni Nkwabi, mtoto wa Bi Holo, karani wa stoo ya halmashauri. Ni mtu mpole. Sijawahi kumsikia akitoa kauli inayozidi "aa" na "basi."

Siku ya kupeleka mahari nilikuwepo, maana ugeni ule ulihitaji watu wa kujaza mabasi na mimi nilikuwa na suti. Nyumbani kwa kina Kabula tulipokewa kwa pilau na vigelegele, tukatakiwa kujitambulisha. Nakwambia, sijapata kuona undugu wa namna ile. Kila aliyesimama alikuwa ndugu. Luhende, mdogo wa marehemu baba yake Nkwabi, alisimama akapiga kifua akasema, "Mimi ndiye Baba Mdogo. Huyu kijana ni damu yangu!" Shija, ambaye Bi Holo alimzaa na mwanamume mwingine, alisema yeye na Nkwabi wamenyonya ziwa moja na hakuna cha kuwatenganisha. Mpiga picha alisema ni ndugu. Dereva wa basi alisema ni ndugu upande wa bibi, akaongezewa nyama.

Ng'ombe walioahidiwa walikuwa wanane. Waliofika ni sita, na mmojawapo alikuwa haoni. Luhende akasimama tena.

"Wawili wako njiani," alisema kwa sauti ya mtu asiyedanganya. "Baina ya ndugu na ndugu hakuna madeni, kuna safari tu."

Baba yake Kabula, mzee mstaarabu, aliona haya kubishana na wageni waliokwisha kula. Akakubali. Ng'ombe wale wawili bado wako njiani.

*

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Kabula akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Minza. Minza alipoanza chekechea, habari zikafika kwamba wale ng'ombe kule kwa kina Kabula wamezaa.

Bi Holo alimwita mkwewe ukumbini. Alikuwepo Luhende, alikuwepo Shija, na alikuwepo Rozi. Rozi alikuwa mwanamke kijana ambaye Nkwabi alimleta nyumbani kama mpangaji. Alipanga chumba cha uani, lakini nguo zake zilikuwa zikianikwa pamoja na za Nkwabi, na kodi yake hakuna aliyewahi kuiona.

"Mwanangu," Bi Holo alianza, "ndama wetu hawajambo?"

"Ndama gani, mama?"

"Waliozaliwa na ng'ombe wetu."

"Mama, wale ng'ombe mlitoa mahari."

"Tulitoa ng'ombe," alisema Bi Holo. "Ndama hatukutoa. Wala maziwa hatukutoa. Baba yako anakunywa maziwa yetu miaka yote hii, na wewe hapa unaoka mikate yako unatia mfukoni kwako."

"Mikate hiyo ndiyo mnayokula asubuhi, mama."

"Unaona?" Luhende alidakia, akimgeukia Shija. "Anatusimanga kwa chakula."

Ikaonekana kwamba wameshakaa kikao bila Kabula na wameshaamua. Ndama wasirudishwe, ni mbali, na watu wa kwao ni wabishi. Badala yake Kabula atoe lile tanuri apewe Shija, aliyekuwa na wazo la kuanzisha biashara. Shija alikuwa na mawazo mengi ya kuanzisha biashara na hakuwahi kuamka kabla ya jua kupanda utosini.

Kabula alimtazama mumewe. Nkwabi alikuwa anakula mkate.

"Baba Minza, umesikia?"

"Aa," alisema Nkwabi.

Kabula alikataa. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alisema tanuri lile ni jasho lake, hawezi kulitoa, kisha akainuka akaenda kukanda unga. Kuanzia siku hiyo alianza kulipia ndama. Akioka, unga unamwagwa. Akilala, godoro linachukuliwa, anaambiwa ng'ombe halali kwenye godoro. Shija akimpita uani anampiga kofi la mgongo, kisha anacheka kana kwamba ni utani wa shemeji. Rozi alikuwa akisema kwa sauti kila asubuhi kwamba laiti angeolewa yeye, familia hii isingekosa kitu. Na Nkwabi alikuwa mpole.

*

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Kabula alikuwa anatoa mikate. Bi Holo aliingia jikoni na wenzake akasema leo ndiyo leo, mkokoteni uko nje, tanuri linaondoka.

"Litaondoka na mimi," alisema Kabula.

Shija alimshika kutoka nyuma. Rozi alimshika mkono wa kulia, akaunyoosha. Bi Holo aliukamata kwenye kifundo, akaubandika kiganja wazi juu ya mlango wa tanuri, akauegemea kwa mwili wake wote. Alikuwa amevaa kitenge chake cha uzinduzi. Uso wa Mheshimiwa Waziri na ndama wake ulikuwa sambamba na uso wa Kabula, na Kabula aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaisoma ile sheria huku nyama ya mkono wake ikiiva.

Sikutaka kuandika sentensi hiyo, msomaji. Nimeifuta mara kadhaa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na harufu yake ilifika hadi barabarani, ikachanganyika na ya mkate, na walikuwepo watu waliopita pale taratibu ili wapumue.

Mayowe yalisikika mtaa mzima. Madirisha yakaanza kufungwa. Ni mmoja tu aliyetoka, Mama Mhoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mkali anayeuza mkaa. Alifika mlangoni na koleo mkononi, akamkuta Luhende amesimama kizingitini ametanua mikono.

"Rudi kwako, mama," Luhende alimwambia. "Haya ni mambo ya ndugu. Mtu baki haingilii."

"Anayelia ni nani humo?"

"Ni mambo ya ndugu, nimekwambia!"

Ndani, Nkwabi aliinuka kutoka kwenye kochi. Akaenda hadi kwenye redio akaongeza sauti. Kilikuwa kipindi cha wizara, cha kuelimisha umma juu ya haki za mke.

Mama Mhoja alimsukuma Luhende kwa koleo, akaingia, akamtoa Kabula akiwa amemshika kiuno. Minza alikuwa amesimama pembeni ya gunia la unga, hakulia, alikuwa ametoa macho tu. Bi Holo alimnyanyua mtoto akasema huyu haendi popote.

*

Polisi walimpokea Kabula vizuri. Askari wa zamu aliutazama ule mkono, akageuza uso, akauliza, "Umeunguzwa na ndugu au na mtu baki? Maana madirisha ni tofauti."

"Na ndugu wa mume wangu."

"Ndugu dirisha la pili. Mwenye ufunguo yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya sheria hii hii," askari alisema kwa fahari. "Tunaichukulia kwa uzito mkubwa."

Hata hivyo kesi ilifunguliwa, kwa sababu Mama Mhoja alikaa kwenye benchi la kituo akikohoa vumbi la mkaa hadi wakamchoka. Ikapangwa mbele ya Hakimu Fumbuka.

Fumbuka alikuwa fahari ya mji wetu. Inasemekana alisoma hadi akapitiliza. Alikuwa na sauti nzito, na kabla ya kusema alifunga macho, nasi tukajua sheria inashuka. Siku ya hukumu tulijaa hadi madirishani. Washtakiwa walikaa safu moja wamevaa vizuri. Bi Holo alivaa kile kitenge cha pili.

"Mashtaka yanasema," Fumbuka alianza, "kwamba mlalamikaji aliteswa na ndugu wa mume. Kazi ya mahakama hii ni kumtafuta huyo ndugu. Mshtakiwa wa kwanza, wewe ni nani kwa Nkwabi?"

"Mama yake mzazi, Mheshimiwa," alisema Bi Holo.

Fumbuka alifunga macho. "Umejibu mwenyewe. Wewe ni mzazi. Mzazi ni mzazi, ndugu ni ndugu. Bunge lingetaka kumfunga mama, lingeandika mama. Je, tuseme Bunge halina mama? Umeachiwa. Wa pili?"

Luhende alikuwa ameshaelewa. "Mimi ni baba yake mdogo, Mheshimiwa. Udogo usikusumbue. Ni baba."

"Kwa hiyo nawe mzazi. Umeachiwa. Wa tatu?"

"Tumezaliwa mama mmoja," alisema Shija, "lakini baba, Mheshimiwa, kila mtu na wake."

"Ukoo wa nchi hii hupita kwa baba," alisema Fumbuka. "Wewe na Nkwabi mmepita katika tumbo moja kwa nyakati tofauti, kama wapangaji wanavyopokezana chumba. Kisheria wewe ni jirani wa tumbo. Umeachiwa. Wa nne?"

Rozi alisimama akainamisha kichwa. "Mimi ni mpangaji."

Watu wakacheka. Fumbuka akapiga meza.

"Mahakama imesikia kwamba ni hawara. Hawara si ndugu. Sheria haimjui hawara, wala haitaki kujuana naye. Sheria ina adabu zake. Umeachiwa."

Akabaki Nkwabi. Hapo hata sisi tusiosoma tulijua hana pa kutokea, maana sheria inamtaja waziwazi: mume. Wakili wake alisimama akauliza swali moja tu, kama mahari ilikamilika. Baba yake Kabula, kwa kuwa ni mzee mkweli, alijibu kwamba wawili bado.

Fumbuka alifunga macho kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ndoa bila mahari kamili ni ahadi," alisema. "Nkwabi ni mume mtarajiwa. Na kama mume hajapatikana, ndugu wa mume atapatikana wapi? Kesi imefutwa."

Kabula alisimama. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, vidole vimejikunja ndani na havikunjuki tena mpaka leo.

"Mheshimiwa, basi nani ameniunguza?"

"Umeunguzwa na tanuri," alisema Fumbuka kwa upole. "Na tanuri, kwa ushahidi wako mwenyewe, ni lako."

"Sawa," alisema Kabula. "Kama huyu si mume wangu, nipeni mwanangu niondoke. Mtoto asiye na baba ni wa mama yake."

"Hapana. Ng'ombe sita walifika, hilo halina ubishi. Hawatoshi kumfanya mwanamume mume, lakini wanatosha kumfanya baba. Mtoto ni wa ukoo."

Nje, wanasheria vijana walikuwa wakikumbatiana. Mmoja alisema hajawahi kusikia hukumu yenye mantiki tamu namna ile. Mimi nilitema mate, kisha nikayafukia kwa kiatu kwa sababu ni eneo la mahakama.

*

Kabula alikuwa amehamia kwa Mama Mhoja, na tanuri lake lilikuwa limesogezwa huko kwa msaada wa wauza mkaa. Baada ya hukumu wale watu walikuja mchana kweupe na mkokoteni wao, wakavunja kufuli la Mama Mhoja, wakalipakia. Shija aliondoka akila mkate wa jana yake.

Kabula si mtu wa kulala chini. Alirudi polisi, safari hii dirisha la kwanza.

"Nimevunjiwa na kuibiwa na watu baki," alisema. "Mahakama imeshathibitisha kwamba si ndugu."

Hapo askari alifungua daftari. Sheria ya wizi kwetu ni kali sana, kwa kuwa inawalinda wenye mali. Wote wakakamatwa, hata Nkwabi, aliyekuwa ameshikilia mkokoteni usirudi nyuma. Wakapelekwa kwa Fumbuka. Tulisema, leo tutaona.

Bi Holo hakungoja kuulizwa. Alitoka kizimbani akilia, akavuka ukumbi, akamkumbatia Kabula kwa nguvu akamlaza kichwa kifuani. "Mwanangu huyu! Mkwe wangu! Mama wa mjukuu wangu! Nitamwibiaje mwanangu?"

Kabula aliniambia kwamba kile kifua kilinukia mkate. Mkate wake, uliookwa na tanuri lake. Alijizuia asitapike, kwa sababu aliambiwa kutapika mahakamani ni dharau.

Fumbuka aliguswa hadi akavua miwani.

"Ninachokiona hapa ni familia," alisema. "Mama mkwe, baba mdogo, shemeji, mume. Hata huyu dada mpangaji amekuwa mtu wa nyumbani. Ndugu hawaibiani, ndugu hugombana. Mahakama hii haitakubali kutumiwa kuvunja undugu. Nendeni mkayamalize nyumbani."

Waliposhuka ngazi, Luhende alimnong'oneza Kabula, "Umeona? Sisi ni ndugu pale tunapotaka."

*

Sasa, msomaji, usidhani nchi yetu haina aibu. Gazeti moja lilichapa hukumu zote mbili ukurasa mmoja, na Bunge likachafuka. Mbunge mmoja alisimama akauliza: ikiwa hakimu anaweza kutafsiri neno ndugu namna apendavyo, je, Waziri anapotuita "ndugu wananchi," hatufanyi sote kuwa ndugu wa kila mume, na hivyo sote tunaweza kufungwa? Ukumbi ukazizima. Watu waliokuwa wamelala wakaamshwa.

Serikali ilichukua hatua siku hiyo hiyo. Neno "ndugu" likasimamishwa kutumika rasmi, na ikaundwa Tume ya Kuchunguza Nani ni Ndugu. Mwenyekiti wake, kutokana na uzoefu wake wa kipekee wa kuliamua suala hilo pande zote mbili, akateuliwa Fumbuka. Alipewa gari, dereva na kofia.

Ilikuwa shida kidogo kuzoea. Matangazo ya vifo redioni yakawa yanasema, "Habari ziwafikie watu wote wanaohusiana na marehemu kwa namna itakayoamuliwa na Tume." Mzee mmoja wa mtaani kwetu alizikwa na wachache sana, wengine waliogopa kujihusisha kabla ya ripoti.

Kabula hakuitwa popote. Alikuwa anamsaidia Mama Mhoja kufunga mkaa kwa mkono wa kushoto. Kila jioni alisimama ukutani akisikiliza upande wa pili kama Minza anacheka au analia.

*

Kisha akaacha kumsikia kabisa.

Ni muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyemtumia Mama Mhoja ujumbe, maana walifahamiana. Minza ana malaria ya kupanda kichwani, damu imekwisha, ameletwa amelegea. Kabula alifika mbio, bila viatu.

Kwenye korido aliukuta ukoo mzima. Muuguzi alikuwa amesimama mbele yao na chupa ya kutilia damu.

"Mtoto anahitaji damu sasa hivi," alikuwa anasema. "Benki haina kitu. Ndugu ni nani hapa?"

Bi Holo ndiye aliyeanza.

"Mimi mahakama ilishasema si ndugu," alisema. "Siwezi kuidharau mahakama."

"Baba yake je?"

Nkwabi alitazama ukuta. "Aa," alisema. "Mimi sindano..." Hakumaliza.

Shija alisema damu ya jirani wa tumbo huenda isifae. Rozi alikuwa ameshatoka nje kupiga simu. Luhende, kama msemaji wa familia, alisogea mbele akakohoa.

"Dada muuguzi, swali moja. Damu hii tukiitoa, itahesabiwa ndani ya wale ng'ombe wawili waliobaki? Maana kama itahesabiwa, tunaweza kukaa tukaongea."

Muuguzi yule ni mtu aliyesomea kustahimili usaha na vidonda. Alimtazama Luhende, akaweka mkono mdomoni.

"Mimi ni mama yake," alisema Kabula kutoka nyuma. "Toeni yangu."

"Kaa hapa," alisema muuguzi. "Kunja ngumi." Kisha akauona ule mkono wa kulia. "Basi, lete huo mwingine."

Damu yake ilikubaliana na ya mtoto. Asubuhi Minza alifungua macho akaomba uji. Kwenye korido hakukuwa na mtu. Walikuwa wameondoka mapema wasije wakaulizwa habari za dawa.

Kabula alipopewa ruhusa hakurudi mtaani kwetu. Alimbeba mwanawe mgongoni, akapitia mlango wa nyuma ya wodi, akaenda upande wa pili wa mji alikokuwa akiishi dada yake Mama Mhoja. Hakuna aliyemfuata. Mtoto alikuwa bado anatakiwa kula maini na kunywa vidonge, na hayo ukoo haukuyataka. Bi Holo alituma salamu tu kupitia muuza vitumbua: "Mwambieni atunze vizuri huyo mtoto. Akifikia kuolewa tutakuja, ng'ombe wake ni wetu."

Kabula alizisikia salamu hizo akiwa anakanyaga udongo wa kujengea tanuri jipya. Aliendelea kukanyaga.

*

Tume ilifika kwake mwaka uliofuata. Ilikuwa ikizunguka nchi nzima kukusanya maoni ya wadau, na mtu fulani ofisini alikumbuka kwamba pengine kuna mwanamke aliyehusika. Walikuja kwa magari matatu yakaziba uchochoro.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kununua mkate, maana wa Shija ulikuwa hauliki na tanuri lenyewe alishaliuza kwa muuza vyuma chakavu. Tanuri jipya la Kabula lilikuwa la udongo, dogo, na mikate ilitoka imepinda upande mmoja kwa sababu alikanda kwa mkono mmoja. Ilikuwa mitamu. Minza alikuwa anachora kwenye majivu.

Fumbuka aliingia na kofia yake, wajumbe nyuma yake, wakakaa kwenye mkeka na kwenye viti vilivyoazimwa kwa majirani. Harufu iliwashinda. Kabla ya kueleza kilichowaleta walikuwa wameshamega mkate wa kwanza. Kabula akawamiminia chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Wakamega na wa pili. Mjumbe mmoja alitia kipande kwenye mkoba wake alipodhani hatuoni.

"Mama," Fumbuka alisema huku akifuta makombo kwenye tai, "uso wako si mgeni kwangu. Tumewahi kuonana?"

"Mara mbili, Mheshimiwa."

"Aa, safi sana. Watu wengi wananifahamu." Akanyoosha kikombe aongezewe. "Na huo mkono?"

"Uliungua."

"Pole. Kazi za jiko zina hatari zake." Akawageukia wajumbe. "Hili tuliandike, usalama wa majiko." Kisha akafunga macho kama tulivyomzoea. "Sasa, mama. Tume hii imekusanya wataalamu, imesafiri nje ya nchi, imesikiliza machifu na maprofesa. Tunataka na sauti ya mtu wa chini. Kwa maoni yako wewe, bila kuogopa: ndugu ni nani?"

Karani akaandaa kalamu. Wajumbe wakatulia, taya zikaendelea kusaga. Mimi pale mlangoni nilisogea mbele, maana nilidhani sasa atawaambia. Nilimtakia maneno makali, ya kuvunja vikombe. Nilikuwa hata nimeshamtungia kichwani.

Kabula alimtazama Fumbuka mdomoni, mahali kipande cha mkate kilipokuwa kinazunguka. Aliangalia vilevile vidole vya wale wengine, vilivyong'aa kwa mafuta.

"Malizeni mkate," alisema, "muondoke."

Karani aliuliza kama hilo aliandike. Fumbuka alicheka, akasema mama ana utani, andika mdau alitukirimu vizuri. Wakamaliza mkate wote, wakanawa, wakapiga naye picha wakiwa wamemweka katikati. Walimsihi atabasamu. Hakutabasamu, wakasema haidhuru.

Magari yalipotoka uchochoroni, Kabula alimwita Minza amshikie beseni. Akaviosha vikombe walivyonywea, kimoja kimoja, kwa ule mkono wa kushoto. Kisha akabandika maji jikoni, akangoja yachemke, akaviosha tena.